Kikokotoo cha Hewa

Hakuwa na kompyuta. Hakuwa na cheti cha sekondari, wala Kiingereza zaidi ya kile kilichopigwa chapa kwenye mitungi. Hakuwa na miwani yake mwenyewe. Aliyosomea ilikuwa ya mkewe, yenye maua mekundu kwenye vikono. Hakuwa na vidole vya kuchapa, kwa sababu miaka mingi ya kufungua na kufunga vichwa vya mitungi ilikuwa imevikomaza vikawa kama mizizi. Hakuwa na mtu wa rika lake darasani. Hakuwa na aibu ya kuuliza, na hilo lilimfaa. Na kuna kitu kimoja zaidi hakuwa nacho, kitu ambacho kila mtu anayejifunza jambo jipya anapaswa kuwa nacho japo kidogo, kama chumvi kwenye mboga: hakuwa na woga.

Woga aliupata baadaye, wote kwa siku moja.

Hospitalini walimwita Mzee Kipimo. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya oksijeni: kupokea mitungi iliyojaa, kurudisha mitupu, na kuhakikisha hakuna mtungi unaokwenda wodini kabla yeye hajausoma mshale wa geji yake. Jina lilitokana na neno lake la kila siku, "Bila kipimo hakuna kazi." Aliwaambia wabebaji, akawaambia wauguzi, na nyumbani alimwambia mkewe kila alipomwona anatia sukari kwenye chai kwa kukadiria.

Aliposikia kwamba shule ya jirani imefungua darasa la jioni la kompyuta, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi viatu mwenye mdomo usio na kufuli, alicheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, wewe hata simu unaishika kama umeshika kaa la moto. Kompyuta utaiweza?"

"Ng'ombe hazeeki maini."

"Maini sawa, hayazeeki," alisema shemeji huku akiviangalia vile vidole. "Lakini kwato je?"

Mwalimu alikuwa binti mdogo kuliko mtoto wake wa mwisho. Somo la kwanza aliwafundisha kutengeneza kikokotoo: programu iulize namba mbili, izijumlishe, itoe jibu. Mzee Kipimo aliandika kwa kidole kimoja, mstari baada ya mstari, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Alipomaliza akaweka mbili, akaweka na mbili nyingine. Mashine ikajibu ishirini na mbili.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Mzee wangu, hukuiambia kwamba hizo ni namba. Yenyewe imedhani ni maandishi, ikabandika moja ubavuni mwa lingine. Mashine haijui unachojua. Inajua ulichoiandikia tu."

Sentensi ile aliipenda kama kijana anavyopenda shati jipya. Akawa anaivaa kila mahali. Siku moja aliisema mezani, na mkewe akamjibu, "Na mimi pia sijui unachojua. Sema unataka kula nini."

Kutoka kujumlisha akaingia kutoa, kuzidisha na kugawanya. Wenzake walipofika hapo wakatosheka, wakaanza kuulizia vyeti. Yeye alianza kufikiria wodi. Miaka yote wauguzi walikuwa wakikadiria tu: mtungi huu utafika jioni, huu unaweza kulala. Kumbe ni hesabu ya watoto! Unachukua lita zilizomo, unagawanya kwa lita anazovuta mgonjwa kila dakika, unapata dakika. Unagawanya kwa sitini, unapata saa. Unazijumlisha na saa ya sasa hivi, ambayo mashine inaijua yenyewe bila kuulizwa. Jibu likizidi kumi na mbili, unatoa kumi na mbili. Kisha mashine inaandika: BADILISHA MTUNGI SAA, na namba.

Aliijaribu stooni wiki nyingi. Aliketi mbele ya kompyuta kuukuu aliyopewa na ofisi, chini ya saa ya ukutani yenye kioo kilichopasuka, na kila mara namba ya mashine ilipofika, mshale wa geji nao ulifika mwisho. Haikukosea hata siku moja.

Metroni alipoiona alipiga makofi. Akaamuru iwekwe kwenye kompyuta ya wodi, iliyounganishwa na printa, ili kila mtungi utoke na kikaratasi chake cha kubandika juu ya kitanda. Akatuma nakala kwa flashi, pamoja na barua yenye muhuri, kwenye kituo cha afya cha mlimani. Akadokeza pia kwamba mtu mwenye akili kama ile hastahili kuzeekea stoo. Kulikuwa na chumba kitupu ghorofani, chenye dirisha na feni. Mzee Kipimo alirudi nyumbani siku ile kifua mbele.

Jambo moja halikutazamwa na mtu. Wodini mitungi ilisimama kwenye upenyo kati ya kitanda na ukuta, na kuisoma geji ilibidi mtu ainame. Zamani kila muuguzi aliyepita aliinama. Tangu vikaratasi vianze kubandikwa, hakuna aliyeinama tena. Kuna haja gani ya kuumiza mgongo, na karatasi imesema?

Asubuhi hiyo walimleta shemeji. Kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua zamani, kwa gundi na vumbi la soli, na sasa kilikuwa kimebana kabisa. Daktari aliagiza oksijeni, lita tano kwa dakika. Mzee Kipimo alimchagulia mtungi yeye mwenyewe, mtungi wa lita elfu moja na mia tano uliojaa mpaka juu, akausukuma kwa toroli, akaufunga, akamvisha barakoa. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mpaka siku hiyo ni yeye aliyekuwa akiwachapia wauguzi, huku akiwatajia saa kwa mdomo. Lakini Sista wa wodi, mama mnene, mwenye sauti ya upole na hatua za haraka, alikuwa amekwisha kukaa mbele ya kompyuta.

"Leo niache nifanye mwenyewe, Mzee. Mtoto hafundishwi kutembea kwa kubebwa."

Printa ikalia. Shemeji aligeuza macho.

"Kwa hiyo leo," alisema chini ya barakoa, akivuta pumzi kila baada ya maneno mawili, "napumua... kwa hesabu zako?"

"Kwa hesabu zangu."

"Basi niitieni... watoto wangu. Niwaage."

Wakacheka wote wawili, mmoja kwa sauti na mwingine kwa mabega tu. Sista alibandika kikaratasi juu ya kitanda. Mzee Kipimo alikitupia jicho: BADILISHA MTUNGI SAA 3. Akaridhika. Kichwani alikwisha kupiga hesabu tangu alipofungua hewa: dakika mia tatu, saa tano, kutoka saa nne asubuhi ni saa tisa alasiri. Sawasawa kabisa.

"Msisahau kubadilisha," alimwambia Sista.

"Nitasahauje, Mzee? Si imeandikwa."

Mchana zamu yake ilipokwisha, aliegesha mtungi mwingine karibu na mlango wa stoo, tayari kwa wabebaji, akaacha funguo getini kama desturi, akaenda nyumbani kula kabla ya darasa.

Mkewe aliingia muda mfupi baadaye, akitokea kumwona kaka yake. Alivua viatu mlangoni akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali. Amelala. Sista kanihakikishia hewa yake inafika mpaka usiku. Wanabadilisha saa tatu."

"Saa tisa," alisema Mzee Kipimo, mdomo ukiwa umejaa.

"Saa tatu usiku. Nimeisoma karatasi kwa macho yangu."

"Umeisoma bila miwani."

"Miwani si umevaa wewe? Baba, mimi tatu naijua tangu darasa la kwanza. Imeandikwa tatu."

Alitabasamu. Alijua kwamba imeandikwa tatu, ndiyo, aliiona. Na alijua kwamba ni saa tisa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kichwani mwake bila kugombana, kama yalivyokaa maisha yake yote.

"Hebu niambie ni saa ngapi," mkewe alisema akielekea jikoni, "usije ukachelewa darasa lako."

Aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa unakaribia tatu, mrefu uko kwenye tisa.

"Saa tisa kasorobo," alisema.

Na akajisikia akisema. Jicho lilikuwa limeona tatu. Mdomo ulikuwa umesema tisa. Hakuna aliyemwamuru kubadilisha. Mdomo ulibadilisha wenyewe, kama unavyobadilisha mdomo wa kila mmoja wetu anapotazama saa, tangu utotoni, bila kufikiri. Lakini karatasi haina mishale. Karatasi haina uso wa saa. Mtu akikuta kwenye karatasi SAA 3 atasoma saa tatu, kama mkewe alivyosoma, kama Sista alivyosoma. Ni yeye peke yake, aliyekuwa akipiga hesabu chini ya saa yake ya stoo, ndiye aliyekuwa akiona tatu na kusoma tisa.

Mashine haijui unachojua.

Kijiko kilianguka.

"Baba, vipi?" mkewe alitoka jikoni. "Umepaliwa?"

"Piga simu wodini," alisema. Sauti haikuwa yake. "Piga. Waambie wamtazame. Usiache kupiga."

"Kaka yangu ana nini?"

"Piga!"

Alitoka na kandambili, miwani ya maua ikiwa bado puani.

Hospitali haikuwa mbali. Vijana walisema ni mwendo wa kutupa jiwe. Lakini jiwe halina magoti ya mzee. Alikimbia alivyoweza, mkono mmoja umeshika mbavu. Alipita kibanda cha shemeji kilichofungwa kwa kufuli, viatu vya watu vikionekana kwenye upenyo wa mbao, kila kimoja kikisubiri mwenzake ashonwe. Alipita duka ambalo redio yake ilikuwa inapiga muziki, akaomba moyoni muziki usikatike, maana redio ile ilikuwa na tabia ya kukata muziki na kutangaza saa.

Na kichwa, kwa kuwa kilizoea hesabu, hakikumwonea huruma. Kikaendelea kupiga. Lita tano kwa dakika ni saa tisa kamili. Lakini je, kama kifua kilizidi kubana, na daktari akapita akaongeza? Akiongeza ikawa sita, mtungi umekwisha zamani. Umekwisha mkewe akiwa njiani. "Amelala," alisema. Amelala vipi? Macho yamefumba vipi? Mzee Kipimo, ambaye siku zote alijigamba kwamba hesabu zake hazikosei, kwa mara ya kwanza maishani aliomba awe amekosea.

Nyuma yake muziki ulikatika. Hakusikia kilichotangazwa, aliziba masikio.

Getini mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amejinyoosha.

"Hee, Mzee Kipimo! Mbio za nini na kandambili hizo? Umesahau kitu au umemkumbuka Metroni?"

"Funguo."

"Salamu kwanza, mzee wangu. Hata polisi husalimia kabla ya..."

"Funguo za stoo!"

Mlinzi alimtazama usoni. Alizitoa msumarini na kumtupia, kisha akasimama wima bila kujua kwa nini amesimama.

Alitaka kwenda wodini kwanza. Miguu yote miwili ilivutwa upande huo. Lakini angefika mikono mitupu afanye nini, apepee? Alijikaza, akageukia stoo. Kufuli lilikataa mara moja, likakubali. Aliupakia ule mtungi kwenye toroli na kusukuma. Gurudumu moja la toroli lilikuwa bovu, lilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa, na katika ukumbi ule mrefu wenye sakafu ya saruji watu walitoa vichwa milangoni. Hakumwona hata mmoja. Alikuwa anasikiliza kama kuna kilio mbele.

Hakukuwa na kilio. Wodi ilikuwa kimya, na kimya kile kilimtisha zaidi. Simu ya mezani ilikuwa inaita, inaita. Sista alikuwa upande wa pili anambadilishia mgonjwa mmoja shuka, mikono yake yote ina kazi.

"Mzee, huo mtungi wa nini tena? Bado mapema. Saa tatu."

Mzee Kipimo aliacha toroli. Alijipenyeza kati ya kitanda na ukuta, akainama. Mshale wa geji ulikuwa umeegemea kijiti cha mwisho, umelala. Aliweka sikio kwenye barakoa. Ile sauti ndogo ya hewa, ya mtu anayenong'ona ssss, haikuwepo.

Midomo ya shemeji ilikuwa na rangi ya majivu. Kifua kilipanda, kikakaa. Kikakaa. Kikashuka.

Alifunga hewa ya mtungi mtupu, akaweka spana kwenye nati. Kazi hii aliifanya gizani, aliifanya akiongea, aliifanya akifikiria mambo mengine. Sasa nati ilikataa kushikwa. Spana iliteleza, ikaanguka, ikabingirika chini ya kitanda.

"Sista!"

Sauti ile Sista hakuwahi kuisikia kwake. Aliacha shuka. Alipofika na kuuona uso wa mgonjwa hakuuliza tena. Mama yule mnene alilala kifudifudi sakafuni, akanyoosha mkono chini ya kitanda, akatoka na spana na vumbi kichwani. Yeye akainua kichwa cha shemeji, Mzee akafungua nati, akahamisha kichwa cha mtungi, akafunga, akazungusha.

Ssss.

Kisha hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na hiyo ndiyo sehemu aliyoikumbuka zaidi baadaye. Sista alibana kipimo kidogo cha hewa ya damu kwenye kidole cha shemeji. Namba ilitokea, ndogo mno, Sista akaifunika kwa kiganja kama mtu anayemziba mtoto macho. Daktari alikuja, akachoma sindano, akasikiliza kifua. Mzee Kipimo alisimama palepale upenyoni, mgongo ukutani. Mkewe angemwambia nini? Angemwita muuaji, au angenyamaza? Aliona angeweza kustahimili kuitwa muuaji.

Sista akaondoa kiganja. Namba ilikuwa imepanda. Wakaitazama ikipanda, polepole, kama mzee anayepanda ngazi, ikipumzika kila hatua.

Shemeji alifumbua jicho moja. Likamzunguka Mzee Kipimo kuanzia kandambili mpaka miwani.

"Miwani ya dada," alinong'ona. "Imekupendeza."

Mzee Kipimo aliinamia kitanda akalia, na hakujificha.

Sista ndiye aliyebandua karatasi. Aliishika kwa vidole viwili. "Lakini imeandikwa saa tatu, Mzee. Mimi sijakosea. Tazama."

"Hujakosea. Hiyo tatu ni ya mashine. Mimi niliichukua ilivyo, nikaibandika mbele ya neno saa." Akanyoosha kidole kwenye saa ya wodi. "Ile pale. Inasemaje?"

"Saa tisa na..." Sista akaikazia macho. Mshale mfupi ulikuwa umepita tatu kidogo tu. Alitazama karatasi, akatazama ukuta, akatazama tena karatasi, na akatafuta ukingo wa kitanda akakaa. "Mungu wangu. Siku zote naitazama hiyo saa."

Ndipo Mzee Kipimo alipokumbuka kituo cha mlimani, kilichopelekewa programu hiyohiyo. Huyu shemeji alikuwa na dada wa kuleta habari nyumbani. Kule nani angeleta habari?

Metroni aliwapigia watu wa kituo kwa simu ya ofisini kwake, Mzee Kipimo akiwa amesimama mlangoni. Kwa sauti iliyokuwa inakwaruza walisikia kwamba leo hawana mgonjwa wa hewa. Kwamba programu imepokelewa, imewekwa, na mganga mkuu wa kituo ameipenda sana. Jioni hii wanategemea wagonjwa wawili wanaohamishiwa huko kutoka hospitalini hapa kwa ambulensi, wote wa kifua, na mitungi yao itachapiwa karatasi.

"Msiitumie," Metroni alisema. "Iondoeni."

Simu ilipewa mganga mkuu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyependa kuharakishwa. "Metroni, hilo sina ubishi nalo. Lakini kitu kilikuja kwa barua, kitoke kwa barua. Kwa simu leo nitaambiwa ondoa, kesho nitaambiwa nani alikwambia uondoe. Nitaondoa nikiiona barua." Akakata.

Metroni alisogeza karatasi na kalamu kwenye meza. Alikuwa mwanamke mwema, na alisema kwa wema.

"Andika, nitagonga muhuri. Ambulensi inaondoka sasa hivi. Ila andika kwamba programu iko kwenye matengenezo. Basi, inatosha. Shemeji yako mzima, hakuna aliyeumia. Ukianza kueleza zaidi, Mzee wangu, kile chumba cha juu mimi sitaweza kukutetea. Na huenda hata stoo."

Alikaa. Chumba kile alikuwa amekwisha kukipanga kichwani: meza huku, saa ya ukutani kule. Alishika kalamu. Kama akiandika matengenezo, mganga yule asiyeharakishwa atasema, sawa, tutumie hivihivi mpaka matengenezo yaishe. Mtu akisikia kiti kinatengenezwa hukikalia bado. Lakini akisikia kwamba miguu imevunjika hakikalii.

"Metroni, wewe ungeinama?" aliuliza.

"Kuinama wapi?"

"Kwenye geji. Ukiambiwa matengenezo, ungeinama?"

Metroni alivuta droo. Akachukua muhuri wake, akaupulizia, akangoja.

Aliandika kwa hati yake kubwa ya shule ya msingi:

*Kwa Mganga Mkuu. Programu ya kikokotoo cha hewa niliyoitengeneza mimi ina kosa, na kosa ni langu. Saa inayochapwa si saa yetu, ni saa ya mashine. Ikisema saa tatu ni saa tisa. Leo mtungi uliisha mgonjwa akiwa kitandani, na karatasi ilisema bado. Aliyeumia ni ndugu yangu na amepona kwa bahati. Tafadhali ifuteni, na karatasi zote zilizochapwa zichanwe. Msiamini karatasi. Inameni msome mshale. Mimi, Mtunza Mitungi.*

Aliisoma mara moja. Metroni aliisoma mara mbili, akakunja uso, akagonga muhuri kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika.

Mzee Kipimo aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akapitisha ulimi kwenye gundi. Haikushika. Kinywa kilikuwa kikavu kabisa. Tangu nyumbani hakikuwa na tone la mate. Ilibidi achovye kidole kwenye glasi ya maji ya Metroni, alowanishe gundi, kisha aibane bahasha kwa kiganja mezani, aibane kama anavyobana nati, mpaka ikashika.

Ambulensi ilikuwa inanguruma getini, wale wagonjwa wawili wamekwisha kulazwa ndani. Alimpa dereva bahasha dirishani.

"Mkononi mwa Mganga Mkuu. Si kwa mlinzi, si mezani. Mkononi. Kabla hawajawafungia hawa hewa."

"Wasiwasi wa nini, Mzee Kipimo?" Dereva aliitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. "Barabara nzuri. Saa mbili niko pale."

"Saa mbili ya nani?"

Dereva alicheka, akatia gia. "Ya usiku, mzee. Kwani kuna nyingine?"

Gari likatoka. Mzee Kipimo alibaki getini, miwani ya maua puani, akiitazama taa ya nyuma mpaka kona ilipoimeza.